Wigo wa Mwanga: Sifa ya Kamera Isiyoandikwa kwenye Boksi

Ghala la chama cha msingi cha wakulima wa pamba mkoani Simiyu, saa saba mchana, mwezi wa sita. Ndani ni giza la bati na kuta zenye madirisha madogo. Nje jua linawaka, na pamba mbegu imetandazwa juu ya turubai, nyeupe kiasi cha kuumiza macho. Karani amesimama mlangoni, katikati ya giza na jua, anasoma mzani. Jicho la mtu halipati taabu hapo: linaona uso wa karani, tarakimu za mzani na pamba iliyo nyuma yake, vyote kwa pamoja. Leta sasa kamera ya bei nafuu. Ukiirekebisha imshike karani, pamba inageuka doa jeupe lisilo na umbo na anga linatoweka. Ukiirekebisha ishike pamba, karani anabaki kivuli chenye kofia.

Mafundi wetu wa picha wana maneno yao kwa kasoro hizi. Ile ya kwanza wanasema picha imeungua. Ile ya pili, ukijaribu kumwangaza karani baadaye kwenye kompyuta, wanasema picha imejaa chenga, kama ambavyo tangu zamani tumesema televisheni ina chenga. Maneno yote mawili ni mazuri na yanaeleweka bila mkalimani. Tunachokosa ni jina la ile sifa ya kamera ambayo ikipungua ndipo kasoro hizi huzaliwa. Mafundi wengi wanaiita dainamiki renji. Mimi napendekeza tuiite wigo wa mwanga, na ninaliona jambo hili kuwa la lazima, kwa sababu kijana wa Bariadi, Maswa au Meatu anayetaka kutengeneza filamu ndefu kwa fedha zake hana sifa nyingine ya kamera inayomgusa kuliko hii.

Wigo wa mwanga ni nafasi iliyopo kati ya giza la mwisho ambamo kamera bado inaona umbo la kitu, na mwanga wa mwisho kabla picha haijaungua. Nafasi hiyo hupimwa kwa ngazi. Kila ukipanda ngazi moja, mwanga unaongezeka mara mbili ya ulivyokuwa. Kwa hiyo kamera yenye wigo wa ngazi 10 inaweza kubeba ndani ya picha moja mwanga unaozidi giza lake mara 1,024, na ile yenye ngazi 13 inabeba mara 8,192. Kwenye karatasi tofauti ya 10 na 13 inaonekana ndogo. Pale mlangoni kwa karani tofauti hiyo ni mara nane, na inatosha kuamua kama mtazamaji ataona macho yake au hatayaona.

Kwa nini wigo, na si neno jingine? Nimeona watu wakijaribu masafa ya mwanga. Tatizo ni kwamba masafa tumekwisha kuyapa kazi kwenye redio, na mwanafunzi wa fizikia akisikia masafa ya mwanga atafikiria mawimbi na rangi, kumbe hapa hatuzungumzii rangi. Wengine huongeza kivumishi na kusema masafa yanayobadilika, ilhali kikomo cha uwezo huo hakibadiliki; kimefungwa ndani ya kihisi cha mwanga cha kamera tangu kiwandani. Upeo nao una kasoro yake: unataja ncha moja tu, na sifa hii ina ncha mbili. Wigo ni ua wa miti au miiba unaozungushwa boma. Kilichomo ndani kimehifadhiwa, kilichobaki nje kimepotea, na ua wenyewe una upande huu na upande ule. Tena neno hili limekwisha kuzoea kazi ya namna hii, maana kila siku tunasikia habari za kupanua wigo wa kodi au wigo wa biashara. Kamera yenye wigo mpana, kamera yenye wigo finyu: msikilizaji anaelewa hapo hapo. Ngazi nayo inafanya kazi vizuri eneo la kupigia picha, kwa kuwa fundi anaweza kumwambia msaidizi wake apande ngazi moja au ashuke mbili, na mkono ukajua la kufanya.

Simiyu inaidai kamera wigo mpana kuliko sehemu nyingi za nchi. Mkoa huu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kuunganisha wilaya zilizotoka Shinyanga na sehemu ya Magu iliyotoka Mwanza, uko karibu nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Jua la mchana linakuja karibu wima utosini, na macho ya mtu yanazama kwenye kivuli cha paji la uso wake. Nchi ni ya wazi, miti imetawanyika, na kiangazi anga halina wingu la kupunguza makali. Msimu huo huo ndio wa kuvuna na kuuza pamba, na ndio wa ngoma, vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu vinaposhindana kama vilivyoshindana tangu karne ya 19. Filamu yoyote ya kweli ya Usukumani itataka kuwa nje, juani, wakati huo.

Filamu nyingi za Bongo zilizofuata mafanikio ya Girlfriend ya mwaka 2003 zilipigwa Dar es Salaam, na nyingi kati ya hizo sebuleni, pazia limeshushwa na taa mbili zimewashwa. Sebuleni mwanga unaupanga mwenyewe, kwa hiyo hata kamera ya wigo finyu inakusitiri. Mazoea hayo hayafiki mbali ukienda Itilima, huku Simiyu.

Kuna pia suala la ngozi. Kwa miongo mingi maabara za picha za Marekani zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi iliyokuja kujulikana kwa jina la Shirley, na filamu za kemikali za wakati huo zilibana maelezo ya nyuso nyeusi. Kamera za kidijitali zimetutoa huko kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo uso mweusi uliokaa kivulini mbele ya pamba nyeupe bado uko kwenye ngazi za chini kabisa za wigo, mahali ambapo chenga huanza. Wigo ukiwa finyu, anayepotea kwanza ni mtu wetu.

Sasa tazama boksi la kamera dukani. Kilichoandikwa kwa herufi kubwa ni 4K, yaani wingi wa nukta za picha: 3,840 kwa 2,160. Wigo wa mwanga mara nyingi haupo kabisa kwenye boksi, au umefichwa kwenye karatasi ya ndani. Mnunuzi anachukua namba anayoiona. Lakini kampuni ya Arri ilipotoa kamera yake ya Alexa mwaka 2010, picha yake haikufika 4K, na bado watengenezaji wakubwa wa sinema waliichagua. Skyfall ya mwaka 2012 ilipigwa kwa kamera ya ukoo huo. Walichokuwa wakikitafuta ni wigo wa ngazi zipatazo 14. Kama fedha zinatosha jambo moja tu, achana na nukta, nunua ngazi.

Hata ngazi zilizoandikwa usizimeze zote. Mtengenezaji huhesabu na zile za chini zilizojaa chenga, kwa sababu mtambo wa maabara bado unaona kitu humo. Kwa matumizi ya filamu mimi hupunguza mbili. Kamera ya Blackmagic Pocket Cinema Camera 4K, iliyotoka mwaka 2018 kwa dola 1,295, ilitangazwa kuwa na ngazi 13. Ipe 11 moyoni na utakuwa salama. Kwa bei hiyo ilikuwa zawadi kwa wenye mifuko midogo, ingawa betri yake haifiki mbali na mtu wa kijijini lazima apange jinsi ya kuchaji.

Wigo mpana pia unahitaji chombo cha kuuhifadhi. Kamera inayorekodi kwa biti 8 ina vivuli 256 kwa kila rangi ya msingi; ya biti 10 ina 1,024. Kamera nyingi za siku hizi zina mtindo wa kurekodi uitwao logi, ambao unabana ngazi zote ziingie, na picha inatoka imepauka mpaka ije ipakwe rangi kwenye kompyuta. Logi kwenye biti 8 ni hatari hasa kwa anga letu la kiangazi: ukianza kurudisha rangi, bluu ile moja inakatika michirizi. Afadhali biti 10, na kama huna, acha logi, rekebisha mwanga vizuri papo hapo.

Gharama inaendelea baada ya kamera. Kurekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde kunakula gigabaiti 45 kwa saa. Filamu ya dakika 90, ukipiga mara kumi ya kile utakachotumia, ni saa 15, yaani gigabaiti 675, na nakala ya pili ni lazima. Diski mbili hizo ziwe kwenye bajeti kabla ya lenzi ya pili.

Bei ndogo si kikwazo cha ukubwa wa kazi. Sean Baker alipiga Tangerine ya mwaka 2015 kwa simu za iPhone 5s, na filamu ya The Creator ya mwaka 2023, iliyogharimu dola milioni 80, ilipigwa kwa Sony FX3 ambayo dukani ilianza chini ya dola 4,000. Lakini Baker alilitumia jua kali la Los Angeles likawa ndiyo sura ya filamu yake, naye akakubali kuunguza alipoona panafaa. Ukijua wigo wako unaishia wapi, unaweza kuandika matukio yanayokaa ndani yake: asubuhi kabla ya saa tatu, jioni baada ya saa kumi, au mchana chini ya mbuyu ukiwa na shuka jeupe la kurudishia mwanga usoni.

Kabla hujalipa, iwe ni kwa muuzaji wa Mwanza au wa Kariakoo, omba kutoka na kamera hadi mlangoni, saa sita au saa saba. Mweke mtu mweusi ndani, hatua mbili kutoka kizingitini, na nje awepo mwingine mwenye shati jeupe. Washa mistari ya pundamilia, ile inayopita kwenye kioo kuonyesha panapoungua. Punguza mwanga mpaka mistari itoweke kwenye shati, urekodi nusu dakika. Kisha fungua faili kwenye kompyuta, si kwenye kioo cha kamera, umwangaze yule wa ndani ngazi tatu. Angalia kope, angalia mkunjo wa pembeni ya mdomo. Vikionekana bila chenga, jadili bei.