Mwaka 1331 katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Mchemraba kamili ni namba inayotokana na namba kamili moja kuzidishwa mara tatu, kama 2 × 2 × 2 inavyotoa 8, na tarakimu za namba hizo zimewapa wanahisabati mifuatano mingi, ukiwamo wa ile michemraba inayosomeka sawasawa kutoka kushoto na kutoka kulia: 1, 8, 343, 1331, kisha pengo refu hadi 1030301. Historia ya Kilwa inaingia katika mfuatano huo kwa 1331, yaani 11 × 11 × 11, kwani ndio mwaka wa Miladia ambao Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alifika Kilwa Kisiwani enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi.

Kwa wenyeji wake, hata hivyo, huo ulikuwa mwaka 731 wa Hijria, ambao si mchemraba, ingawa 729, miaka miwili tu nyuma, ni 9 × 9 × 9. Aidha, namba za Kirumi, MCCCXXXI, hazionyeshi ulinganifu wowote. Unadhihirishwa na tarakimu za Kihindi, zilizoelezwa na al-Khwarizmi mjini Baghdad katika karne ya 9, ambazo thamani yake hutegemea nafasi, ziandikwe 1331 au ١٣٣١. Sarafu za shaba za Sultani huyo hazina tarakimu ya mwaka: upande mmoja una jina lake, na wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yenye kina kimoja na jina hilo, hivyo anayezipanga leo hana budi kuanzia kwenye majina.

Mwaka 1331 wa Hijria ulianza Desemba 1912, na kwa sadfa ya kalenda mbili tarakimu zilezile zinaangukia Tendaguru, bara ya Lindi, ambako msafara wa makumbusho ya Berlin ulikuwa ukikamilisha uchimbaji wa mifupa ya dinosaria ulioanza 1909. Ni haki kusisitiza kwamba kazi hiyo haikuwa ya Werner Janensch na wenzake wa Ulaya peke yao, kwa sababu Boheti bin Amrani ndiye aliyewasimamia wachimbaji, na wapagazi ndio waliobeba zaidi ya tani 200 za mifupa, vichwani na mabegani, mwendo wa siku nne hivi hadi bandari ya Lindi.