Mke, Mtumishi na Ubao Mmoja: Mizuka ya Kike katika Japani ya Enzi ya Edo

Wanaoandika kuhusu mizuka ya kike ya Japani wamegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza inashikilia kwamba mwanamke aliyenyamazishwa na ndoa hupata sauti akishakufa: kifo humfungua nywele, humfungua ulimi, na mume aliyemtesa akiwa hai humkimbia akiwa maiti. Kambi ya pili inauona mzuka huo kuwa zao la hofu ya wanaume, hofu iliyochochewa na mafundisho ya Kibuddha yaliyoihesabu damu ya uzazi kuwa najisi na kuwapangia wanawake jehanamu yao ya ziwa la damu. Kila upande una ushahidi, na sina haja ya kuurudia. Ninachopinga ni dhana inayoziunganisha kambi hizi, kwamba uanamke peke yake unatosha kueleza kwa nini mfu hatulii. Mzuka wa kike wa enzi ya Edo (1603–1868), kwa maoni yangu, hauiasi nafasi ya mke, mama au mtumishi. Unaishikilia nafasi hiyo hadi ng'ambo ya kaburi, na unaidai nyumba yale ambayo nafasi hiyo iliahidiwa.

Historia yenyewe inatutahadharisha. Wafu wenye kisasi waliotikisa dola karne nyingi kabla ya Edo walikuwa hasa wanaume wakubwa walioonewa katika siasa: mwanamfalme Sawara aliyekufa mwaka 785 akipelekwa uhamishoni, na waziri Sugawara no Michizane aliyefia uhamishoni mwaka 903. Mwaka 863 ufalme ulifanya ibada ya hadhara katika bustani ya Shinsen'en, Kyoto, kuwatuliza wafu wa namna hiyo. Michizane alirudishiwa cheo na kujengewa hekalu. Dai lake lilikuwa la cheo, na alilipwa kwa cheo. Kisasi cha wafu, basi, hakikuzaliwa na wanawake. Kiliwafikia pale ambapo uzito wa maisha ulikuwa umehamia katika kaya, ambayo chini ya watawala wa Tokugawa ilikuwa kituo cha kazi, urithi na hadhi kwa pamoja.

Ushahidi ulio bora kuliko wote ni tamthilia ya kabuki ya Tsuruya Nanboku wa Nne, Tōkaidō Yotsuya Kaidan, iliyochezwa mara ya kwanza jijini Edo mwaka 1825. Oiwa, binti wa samurai, ameolewa na Iemon, naye amevumilia ndoa hiyo kwa sababu Iemon ameahidi kumlipizia kisasi cha baba yake aliyeuawa. Muuaji ni Iemon mwenyewe. Jirani tajiri, ambaye mjukuu wake anamtaka Iemon, anamletea Oiwa sumu kwa jina la dawa ya mzazi, na uso wake unaharibika. Hapo mfasiri wa haraka hurukia moja kwa moja kwenye mzuka. Afadhali tubaki chumbani kidogo. Iemon anachukua chandarua akakiweke rehani. Oiwa anakishikilia kwa sababu mbu watamuuma mtoto, na kucha zake zinang'oka. Akishaambiwa ukweli na kujitazama kwenye kioo, hakimbilii kisu. Anajipaka meno rangi nyeusi, kama ilivyompasa mwanamke aliyeolewa, kisha anachana nywele ili aende kwa jirani akiwa katika hali ya heshima. Nywele zinatoka mafungu mafungu, damu inadondoka. Onyesho la kutisha kuliko yote katika tamthilia hii ni mke anayetimiza adabu za mke, na linatokea angali hai.

Kuna jambo la pili ambalo wahakiki hulipita upesi. Mume wa Edo aliweza kumwacha mkewe kwa hati fupi ambayo watu waliita ya mistari mitatu na nusu. Kwa nini basi Iemon amlazimishe Takuetsu, mkandaji, amtongoze Oiwa ili apate kisingizio cha uzinzi? Kwa sababu kumwacha mke asiye na kosa kulikuwa na gharama: mume alipaswa kurudisha mali aliyokuja nayo mke, na jina lake lilichafuka. Oiwa hana mali ya kurudishiwa, lakini hata mwovu huyu anahitaji sura ya uhalali. Nafasi ya mke, dhaifu kama ilivyokuwa, ilikuwa na haki zinazotambulika, na hadhira iliyolipa kiingilio ilizijua. Ilijua pia kwamba Kamakura kulikuwa na hekalu la Tōkei-ji, ambako mwanamke aliweza kukimbilia na hatimaye kupata talaka.

Halafu kuna ule ubao. Oiwa akishakufa, Iemon anamuua mtumishi wake Kohei, anawapigilia wote wawili kwenye mlango wa mbao, mmoja kila upande, na kuutupa mtoni. Ubao unapoibuka mbele yake, upande mmoja ni Oiwa, na ukigeuzwa ni Kohei, kila mmoja na dai lake. Kosa la Kohei lilikuwa kuiba dawa ya kumponya bwana wake wa zamani. Katika maonyesho ya 1825 mwigizaji mmoja, Onoe Kikugorō wa Tatu, aliwacheza wote wawili. Kama uanamke ungekuwa ndio chimbuko la mzuka, Kohei angekuwa wa nini hapo? Yumo kwa sababu mke na mtumishi ni watu wa aina moja katika hesabu ya kaya: walio chini, waliotoa utii kamili, na waliodhulumiwa na yule aliyepaswa kuwalinda. Satoko Shimazaki, katika kitabu chake cha 2016, anaona katika Oiwa kuhama kutoka ulimwengu wa samurai kwenda kwa mzuka wa kike mwenye kisasi. Mimi naona uaminifu wa kisamurai umesukumwa hadi mwisho wake, ukabebwa na wale ambao ulikuwa haujawapa chochote.

Okiku wa kisa cha sahani anathibitisha hoja bila taabu. Ni mtumishi anayetuhumiwa kupoteza sahani moja kati ya kumi za ukoo, anauawa, na kila usiku anahesabu kisimani hadi tisa kisha analia. Katika masimulizi mengine anatulia mtu anapomalizia kwa kupaza sauti: kumi! Hataki kuchinja mtu. Anataka hesabu ya nyumba ikamilike.

Pingamizi kubwa zaidi linatokana na mama mfu anayenunua peremende. Hakuna aliyemdhulumu. Amezikwa mjamzito, mtoto amezaliwa kaburini, naye huja dukani usiku akilipa sarafu moja kila mara, hadi zile sita alizowekewa kwa ajili ya kuvuka mto wa wafu zinapokwisha. Nakiri kwamba neno "mdai" halimtoshi. Hata hivyo yeye ndiye anayeivunja kambi ya kwanza kabisa, maana kifo hakikumwachia huru hata nusu siku. Nauli yake mwenyewe ameigeuza chakula cha mwanawe. Bibi Rokujō wa Hadithi ya Genji, ambaye roho yake inamtoka angali hai na kumshambulia mke wa mpenzi wake, ni mtu wa kasri la karne ya 11, na simwingizi katika hoja hii.

Litasemwa pia kwamba tamthilia hizi ziliandikwa na wanaume na kuchezwa na wanaume, kwani wanawake walipigwa marufuku jukwaani mwaka 1629. Ni kweli, na ndiyo maana sidai kwamba tunasikia sauti za wanawake wa Edo. Tunachosikia ni yale ambayo jamii ya wanaume ilijua inadaiwa. Oiwa ana hekalu lake Yotsuya, ambako waigizaji huenda kumwomba radhi kabla ya kumcheza, na mapokeo ya hapo yanamsifu kwa kufanya kazi kwa bidii hadi akaiinua nyumba ya ukoo wake, Tamiya, iliyokuwa imefilisika.