Mcheza Kwao: Stromae Mjini Kigali

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Methali hii, tuifundishayo kila mwaka, ilipata ushahidi mjini Kigali tarehe 17 Oktoba 2015, pale mwanamuziki Stromae alipotumbuiza maelfu ya watu katika uwanja wa Chuo Kikuu cha ULK. Ziara hiyo ilikuwa imepangwa kufanyika mwezi Juni, ikaahirishwa kwa sababu ya maradhi.

Wako wamdhaniao kuwa Mfaransa, kwa kuwa huimba Kifaransa. Sivyo. Alizaliwa Brussels, Ubelgiji, mwaka 1985, akaitwa Paul Van Haver. Mama yake ni Mbelgiji. Baba yake, Pierre Rutare, alikuwa msanifu majengo wa Rwanda, naye aliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Mtoto alikuwa na umri wa miaka tisa, akilelewa na mama yake huko Ubelgiji.

Jina la Stromae ni neno ‘maestro’ lililogeuzwa silabi, kama wafanyavyo vijana wa Kifaransa. Sisi walimu wa Kiswahili hatulioni jambo hili kuwa geni, kwani watoto wa Unguja nao walikuwa na kinyume chao: silabi ya mwisho hutangulizwa, nyumba ikawa mbanyu.

Muziki wake hutungwa kwa mitambo ya kielektroniki, na mdundo wake ni wa kuchezwa. Wimbo ‘Alors on danse’, uliotoka mwaka 2009, ulishika nafasi ya kwanza katika nchi kadhaa za Ulaya; lakini ndani yake mna madeni, kazi na talaka. Mwaka 2013 ulitoka ‘Papaoutai’, ambao jina lake ni swali la mtoto amwulizaye baba yake yuko wapi. Wimbo huo umo katika albamu ‘Racine carrée’, yaani kipeuo cha pili. Na ‘racine’ kwa Kifaransa ni mzizi pia.

Hapana shaka kwamba swali hilo, lililochezwa kwa furaha katika miji mingi ya dunia, lilikuwa na uzito mwingine Kigali. Hapo lilisikilizwa na watu ambao wengi wao walikuwa na swali lilo hilo.

Tuzingatie jambo moja zaidi. Mwaka 2008 Rwanda ilikwisha amua Kiingereza kishike nafasi ya Kifaransa katika kufundishia shuleni. Hata hivyo, miaka saba baadaye, nyimbo za Kifaransa zilijaza uwanja. Mwaka 2017 Kiswahili nacho kilifanywa kuwa lugha rasmi nchini humo. Tunaishukuru sheria hiyo, lakini haitoshi. Lugha hupendwa pale inapobeba msiba na furaha ya wenyeji. Na kazi hiyo ni ya watunzi wetu, pamoja na sisi tunaowafundisha.