Kigali: Ngoma Ilipotoweka, Kikapu Kikabaki

Richard Kandt, mganga na mpelelezi wa Kijerumani, alipoweka makao yake Kigali mwaka 1907, fahari ya Rwanda ilikuwa Nyanza, kusini, kwa mfalme, Mwami Yuhi Musinga. Huko ndiko ilikotunzwa Karinga, ngoma iliyosimama mahali pa ufalme wenyewe. Kigali kilikuwa kilima cha boma na maduka. Wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili walileta vitambaa na shanga, na mtaa wao wa Biryogo ungali hai.

Ufalme ukafutwa mwaka 1961, Karinga ikatoweka, na uhuru wa 1962 ukaifanya Kigali mji mkuu. Vitu vingine vya thamani vikaingia mjini kupitia mikono ya wanawake.

Imigongo, sanaa ya kupamba kuta kwa matuta ya samadi, ilitoka Gisaka, mashariki. Simulizi humtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, kuwa ndiye aliyebuni kupamba kuta kwa namna hiyo. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, hufinyangwa kwa vidole hadi itokeze matuta membamba, na ikikauka hupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Zamani ilikaa ndani ya nyumba. Leo Kigali huiuza juu ya mbao, ikatundikwa hotelini na maofisini.

Agaseke ni kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, kinachosukwa kwa nyasi na katani, duru baada ya duru. Kilihifadhi nafaka na kubeba zawadi za harusi. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi, kikapata kazi nyingine: wajane wa waliouawa walikaa pamoja na wake wa waliofungwa kwa mauaji hayo, wakasuka. Ndugu wawili, Joy Ndungutse na Janet Nkubana, walioanzisha kampuni ya Gahaya Links, waliwatafutia wasusi soko, na mwaka 2005 vikapu vyao vikaanza kuuzwa katika maduka ya Macy's, Marekani.

Nembo ya taifa iliyopitishwa mwaka 2001 ina jua, ngao, mtama, kahawa na agaseke; ngoma haimo. Karinga ilikuwa moja, ya mtu mmoja, na enzi yake ilipokwisha hapakuwa na fundi wa kuirudisha. Ujuzi wa agaseke ulikuwa wa mama na binti katika kila kilima, ndiyo maana haukupotea pamoja na ufalme.