Umeme wa Jicho

Juzi umeme ulikatika mtaani kwetu. Nikakaa dirishani nikisoma gazeti, jua likatua, wala sikutambua kwamba giza linaingia. Mke wangu alipowasha taa ya chemli nyuma yangu, ndipo nilipogutuka. Mwanga ukipungua polepole, jicho huuzoea. Ukibadilika ghafla, jicho hupeleka habari. Na habari hiyo hupelekwa kwa umeme.

Emil du Bois-Reymond, Mjerumani, alipima jicho la samaki mwaka 1849 akakuta lina umeme hata likiwa limetulia. Mwaka 1865 Frithiof Holmgren wa Uppsala, Uswidi, akagundua kwamba jicho likimulikwa, umeme ule hubadilika. Ajabu ni kwamba ulibadilika tena mwanga ulipoondolewa. Yaani kwa jicho, hata giza ni habari.

Lakini Holmgren aliandika kwa Kiswidi, na wakubwa wa elimu hawakukisoma. Mwaka 1873 James Dewar na John McKendrick wa Scotland wakagundua jambo lile lile bila kujua kwamba wametanguliwa. (Dewar huyu ndiye aliyebuni chupa ambayo leo twawekea chai isipoe.) Nawajua watu watakaodaka kisa hiki na kusema: mnaona, sayansi haiandikwi kwa lugha ndogo! Mimi nasema Kiswidi hakikuwa na kosa. Aliyekosekana ni mfasiri.

Baadaye Ragnar Granit, mzaliwa wa Finland, alionyesha mwaka 1933 kwamba umeme huo una sehemu tatu, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1967 pamoja na Hartline na Wald, Wamarekani.

Lakini linalonivutia zaidi ni lile la polepole. Mtu akitoka gizani akakaa kwenye mwanga usiobadilika, umeme wa jicho lililotulia hupanda taratibu, ukafika kilele baada ya dakika kama 8 au 10, kisha ukashuka. Mwaka 1962 Geoffrey Arden na wenzake, huko London, walifanya mwendo huo kuwa kipimo cha hospitali. Mgonjwa hubandikwa vipande vya waya kando ya macho, akatazama kushoto na kulia, kwanza gizani, kisha kwenye mwanga.

Upo ugonjwa wa kurithi, wa Best, unaoharibu kitovu cha retina. Mtu aweza kuwa amerithi mbegu yake, daktari akamchungulia jicho asione doa lolote, na huku umeme ule unakataa kupanda.