Faharasa na Ukarabati Wake: Kutoka Paris hadi Lucene

Katika makala haya mafupi tungependa kuchunguza kazi ambayo watumiaji wa kompyuta aghalabu hawaioni: kutunza na kukarabati faharasa za utafutaji.

Faharasa tunayoikusudia huanzia kwenye neno na kuelekeza kwenye kila mahali lilipoandikwa. Watawa Wadominiko wa Saint-Jacques, Paris, chini ya Hugues de Saint-Cher, waliitungia Biblia ya Kilatini faharasa ya namna hiyo katika nusu ya kwanza ya karne ya 13. Mbele ya kila neno waliandika kitabu, sura, na herufi kati ya A na G iliyoonyesha sehemu ya sura. Sentensi zenyewe hazikuwamo, na kutafuta kukawa taabu. Wenzao Waingereza hawakuitia viraka. Waliirudia kazi wakiweka nukuu (ndefu mno, kwa kweli), na toleo la tatu likazifupisha. Yote hayo yaliwezekana kwa kuwa Biblia yenyewe ilikuwapo.

Karne saba baadaye kazi hiyo ikaangukia mashine. Lucene, programu ya Doug Cutting iliyopokewa na shirika la Apache mwaka 2001, ndiyo msingi wa Solr na Elasticsearch, ambazo makampuni mengi huzitumia kutafutia hati zao. Faharasa yake huundwa kwa vipande, na kipande kikishaandikwa maneno yake hayabadilishwi. Hati iliyofutwa hutiwa alama tu. Huondoka hasa vipande vinapounganishwa.

Diski ikiharibika, kipande chaweza kuvunjika. Hapo huitwa CheckIndex, chombo cha Lucene kinachopima vipande kimoja kimoja. Kikiamriwa kukarabati, hukiondoa kipande kibovu pamoja na hati zake zote. Huko ni kukata kiungo, wala si kukiganga. Faharasa hufunguka tena, na mtafutaji hupata majibu pungufu akidhani ndiyo yote. Dawa ya kweli ni kuzisoma upya hati asilia, ikiwa zimehifadhiwa. Tasnifu ambayo nakala yake imetupwa, ikabaki faharasani tu, haina pa kurudishwa kutoka.

Hata faharasa nzima isiyo na kasoro huweza kuhitaji kujengwa upya, na hapa lugha yetu inahusika. Kanuni ya Martin Porter ya mwaka 1980, iliyotungwa kwa Kiingereza, hukata miisho ya maneno. Kwetu mwanzo nao hubadilika: kitabu na vitabu, alisoma, tutasoma, wamesomeshwa. Frederick Johnson alilizingatia jambo hili katika kamusi yake ya mwaka 1939, akaviweka vitenzi vilivyonyambuliwa chini ya mashina yao. Mashine isiyofundishwa hivyo huyatawanya maneno hayo kama wageni wasiojuana. Nayo ikifundishwa leo, maneno yaliyoingizwa jana hubaki yamepangwa kwa kanuni ya jana, mpaka hati zote zisomwe tena tangu ya kwanza.