Haki ya Kutafsiri na Kiswahili cha Elimu ya Juu: Kutoka Stockholm 1967 hadi Ufikiaji Huria

Kwa kawaida, historia ya hakimiliki katika elimu ya Afrika Mashariki huelezwa kama historia ya bei na ya kunakili: vitabu ghali, maktaba zisizo na fedha, na mashine za fotokopi zilizozunguka vyuo. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yamebeba dhana isiyotamkwa, kwamba msomaji na kitabu tayari wanatumia lugha moja. Kwa mwanafunzi anayesoma kwa Kiingereza, kikwazo ni kukipata kitabu. Kwa taaluma inayotaka kujieleza kwa Kiswahili, kukipata kitabu ni nusu ya safari tu. Nusu ya pili ni kukitafsiri, na kutafsiri ni haki inayojitegemea katika sheria, tofauti na haki ya kunakili, yenye historia yake na migogoro yake. Makala haya yanafuatilia historia hiyo. Hoja ya msingi ni kwamba masharti ya kimataifa kuhusu tafsiri yaliandikwa kana kwamba kila lugha ina nchi yake moja. Dhana hiyo haikukifaa Kiswahili mwaka 1971, na haijatoweka hata katika zama za ufikiaji huria.

Ikumbukwe kwanza kuwa haki ya mwandishi kuzuia tafsiri ya kazi yake si ya kale. Mwaka 1853, katika shauri la Stowe dhidi ya Thomas, mahakama ya shirikisho huko Pennsylvania iliamua kuwa tafsiri ya Kijerumani ya Uncle Tom's Cabin, iliyotolewa bila idhini ya Harriet Beecher Stowe, haikukiuka hakimiliki yake. Kwa mantiki ya uamuzi huo, mfasiri hakuwa amenakili kitabu. Alikuwa ametunga maneno mengine ya kubeba mawazo yaleyale. Sheria ya Marekani ilikuja kumtambulia mwandishi haki ya tafsiri mwaka 1870. Mkataba wa Berne wa 1886 nao ulianza kwa tahadhari: mwandishi alipewa haki ya tafsiri kwa miaka kumi tu tangu kazi ichapishwe. Marekebisho ya Paris ya 1896 yaliirefusha haki hiyo ilingane na muda wote wa hakimiliki, lakini kwa sharti kwamba ingekoma katika lugha yoyote ambayo mwandishi hakutoa tafsiri yake ndani ya miaka kumi. Ni katika mkutano wa Berlin wa 1908 ndipo haki ya tafsiri ilipokuwa kamili, na hata hapo nchi ziliruhusiwa kuweka pingamizi na kubaki na utaratibu wa awali.

Japani ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotumia nafasi hiyo. Ilijiunga na Mkataba mwaka 1899 na ikabaki na kanuni ya miaka kumi hadi mwishoni mwa 1980. Itakuwa kutia chumvi kudai kwamba taaluma ya Kijapani ilijengwa na pingamizi hilo peke yake. Hata hivyo, kwa takriban miongo minane mchapishaji wa Tokyo alijua kuwa kitabu cha kigeni ambacho hakijatafsiriwa kwa Kijapani ndani ya miaka kumi kilikuwa wazi kwake. Nchi zilizokuwa zikiagiza elimu kutoka nje zilielewa vizuri thamani ya miaka kumi.

Afrika Mashariki haikuwa na nafasi ya kuweka pingamizi lolote, kwa kuwa haikuwa mezani. Tafsiri za mwanzo za riwaya za Kiingereza, kama vile Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, zilitolewa London na Longmans mwaka 1929 zikiwa na jina la Frederick Johnson, ambaye mwaka uliofuata alikuwa katibu wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoanzishwa na serikali za kikoloni. Mwandishi, mchapishaji na mfasiri walikuwa ndani ya mfumo mmoja wa kisheria na kibiashara. Ruhusa haikuwa suala. Baada ya uhuru, tafsiri zilizopata sifa kubwa kuliko zote zilikuwa za Julius Nyerere: tamthiliya ya Shakespeare kuhusu Kaizari iliyotoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ya 1969, zote kupitia Oxford University Press. Nazo hazikuhitaji ruhusa ya mtu. Shakespeare alifariki mwaka 1616, karibu karne nzima kabla ya sheria ya kwanza ya hakimiliki ya Uingereza, ya mwaka 1710.

Jambo hili halijatiliwa mkazo wa kutosha na wanaoisoma historia ya tafsiri kama historia ya fasihi tu. Fasihi inaweza kusubiri. Tamthiliya ya karne ya 16 ikitafsiriwa katika karne ya 20 haijapoteza kitu. Kitabu cha fizikia, uchumi au tiba hakina subira hiyo. Hakimiliki inapokwisha, miaka hamsini baada ya mwandishi kufariki, kitabu hicho huwa kimebaki kuwa kumbukumbu ya namna watu walivyowahi kufikiri. Kwa hiyo lugha inayotegemea kazi zilizokwisha muda wa hakimiliki inaweza kupata Shakespeare, lakini haiwezi kupata sayansi ya wakati wake.

Nchi za Afrika zililiona tatizo hilo mapema. Mkutano wa wataalamu wa hakimiliki wa Afrika uliofanyika Brazzaville mwezi Agosti 1963, kwa maandalizi ya UNESCO na ofisi ya kimataifa iliyosimamia Mkataba wa Berne, ulitaka muda mfupi zaidi wa ulinzi na uhuru wa kutumia kazi kwa madhumuni ya elimu. Madai hayo, yakipewa nguvu hasa na India, yalifika Stockholm katika mkutano wa marekebisho uliofanyika kati ya Juni na Julai 1967. Mwaka huohuo Tanzania ilitoa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, ikalianzisha Baraza la Kiswahili la Taifa, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Matukio ya Stockholm na ya Dar es Salaam hayakupangwa pamoja, ila yalikuwa majibu ya swali moja.

Itifaki ya Stockholm iliziruhusu nchi zinazoendelea kufupisha ulinzi hadi miaka 25 baada ya kifo cha mwandishi, kurejesha kanuni ya kukoma kwa haki ya tafsiri baada ya miaka kumi, na kutoa leseni ya lazima ya tafsiri baada ya miaka mitatu. Aidha, iliweka nafasi pana ya matumizi ya kazi katika ufundishaji na utafiti. Wachapishaji wa Uingereza, ambao soko lao la vitabu vya kiada lilikuwa katika makoloni ya zamani, waliipinga vikali. Nchi ambazo kazi zake zingetumiwa hazikuwa tayari kuifuata, na Itifaki haikupata kuanza kutumika.

Kilichoipokea nafasi yake ni Kiambatisho cha Mkataba wa Berne kilichopitishwa Paris mwezi Julai 1971, nacho kinastahili kusomwa polepole. Kwa mtazamo wa kwanza, Kiswahili kilipata upendeleo. Leseni ya kutafsiri kwa ajili ya ufundishaji, usomi au utafiti ilihitaji kusubiri miaka mitatu tangu kitabu kichapishwe, lakini kwa lugha isiyotumika kwa jumla katika nchi iliyoendelea, muda huo ulikuwa mwaka mmoja. Kiswahili kiliingia moja kwa moja katika kundi hilo. Baada ya hapo masharti yanaanza. Mwombaji athibitishe kuwa aliomba ruhusa akakataliwa, au kuwa alimtafuta mwenye haki bila kumpata, na katika hali hiyo ya pili atume nakala za maombi yake kwa barua ya ndege iliyosajiliwa. Kisha isubiriwe miezi tisa zaidi. Mwenye haki akitoa tafsiri yake katika kipindi hicho, leseni haitolewi. Akiitoa baadaye kwa bei ya kulingana na ya vitabu vya aina hiyo nchini, leseni iliyokwisha kutolewa inakoma, ingawa nakala zilizopo zinaweza kuuzwa mpaka ziishe. Malipo ya haki yafanywe, na mamlaka ijitahidi kuhakikisha yanafika kwa fedha inayobadilishika kimataifa. Kwa Tanzania ya miaka ya 1980 mwanzoni, ambako fedha za kigeni hazikutosha hata kuagiza karatasi na mafuta, sharti hilo pekee lilitosha kufunga mjadala. Mchapishaji gani angeweka mtaji katika kazi ambayo mshindani wake alikuwa na haki ya kuisitisha wakati wowote?

Hata hivyo, sharti zito zaidi kwa Kiswahili ni la mpaka. Nakala zilizotolewa kwa leseni zilitakiwa kusambazwa ndani ya nchi iliyotoa leseni tu. Kwa tafsiri za lugha nyingine zisizo Kiingereza, Kifaransa wala Kihispania, uliwekwa msamaha: chombo cha umma kingeweza kuzipeleka nje bila faida ya kibiashara, kwa ajili ya elimu au utafiti, iwapo nchi inayopokea imekubali. Ila wapokeaji walipaswa kuwa raia wa nchi iliyotoa leseni, au jumuiya zao. Kwa maneno mengine, tafsiri ya Kiswahili iliyotolewa kwa leseni Dar es Salaam ingeweza kumfuata Mtanzania Nairobi, lakini isingeweza kuwekwa mbele ya Mkenya aliyeketi naye dawati moja. Waliotunga kifungu hicho walikuwa na picha ya lugha ya taifa iliyofungiwa ndani ya taifa. Kwa lugha iliyokuwa ikisomwa Mombasa, Zanzibar, Bujumbura na Lubumbashi, kifungu kiligawa soko dogo katika masoko madogo zaidi, wakati ambapo idadi ya wasomaji ndiyo iliyokuwa tegemeo la mchapishaji.

Je, basi, Mkataba wa Berne ndio uliozuia vitabu vya Kiswahili vya chuo kikuu? Jibu la ndiyo lingekuwa rahisi mno. Tanzania ilitunga sheria yake ya hakimiliki mwaka 1966 lakini ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994. Kwa miaka 28 kati ya matukio hayo mawili haikubanwa na Mkataba huo kama mwanachama, wala haikuhitaji Kiambatisho ili kutafsiri. Mlango ulikuwa wazi na waliopita ni wachache. Sababu moja ilikuwa ya kisera: Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari kuanzia 1985 na hatimaye vyuo vikuu, na mwaka 1983 serikali ikatangaza kuwa Kiingereza kitaendelea. Hakuna anayetafsiri kitabu cha kiada ambacho hakitafundishiwa. Sababu nyingine ni kwamba sehemu kubwa ya uchapishaji wa kanda ilikuwa Nairobi, na Kenya ilikuwa imejiunga mwaka 1966 na Mkataba wa Hakimiliki wa Ulimwengu, uliolinda haki ya tafsiri na kuruhusu leseni baada ya miaka saba. Lugha ilikuwa moja, sheria mbili, na mitambo mingi ilikuwa upande uliobanwa.

Pale utashi ulipokuwepo, matokeo yalionekana. Tanzania Publishing House ilitoa mwaka 1978 Viumbe Waliolaaniwa, tafsiri ya kitabu cha Frantz Fanon, kazi ya fikra za kisiasa ambayo msomaji aliipata ingali inajadiliwa. Lakini kwa sehemu kubwa nguvu za kitaaluma zilielekezwa kwenye istilahi: orodha za BAKITA tangu miaka ya 1970, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI mwaka 1990. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima na ilifanywa kwa umakini. Tatizo ni kwamba istilahi zilitangulia vitabu vya kuzitumia, na istilahi isiyo na sentensi ya kuishi hubaki kamusini.

Harakati za ufikiaji huria, zilizopata tamko lake la Budapest mwezi Februari 2002, zilikuja na ahadi ya kuondoa vikwazo vya bei na vya ruhusa kwa pamoja. Kikwazo cha bei kimepungua kweli. Jarida la Swahili Forum linasomwa bila malipo, na tangu 1998 mradi wa African Journals Online umeyaweka majarida ya bara hili mahali yanapoonekana. Kuhusu ruhusa, mambo ni tofauti. Kati ya leseni za Creative Commons zilizoanza kutolewa Desemba 2002, mbili zina sharti la kutotoa kazi iliyobadilishwa, na tafsiri huhesabiwa kuwa kazi iliyobadilishwa. Makala iliyo chini ya sharti hilo inaweza kupakuliwa na kugawiwa Kigoma au Muscat, lakini tafsiri yake ya Kiswahili haiwezi kusambazwa bila idhini mpya. Waandishi wanaochagua sharti hilo wana sababu ya msingi: hofu ya kuona maneno yaliyopotoshwa yakibeba majina yao. Lakini hofu hiyo inaweza kushughulikiwa kwa kumtaka mfasiri ataje chanzo na kueleza kuwa amebadilisha, jambo ambalo leseni ya kutaja mwandishi tayari inalidai. Tofauti na Kiambatisho cha 1971, leseni hiyo haina raia wala mpaka: tafsiri iliyofanywa Dodoma inasomwa Kisangani siku hiyohiyo. Kizuizi kimetoka mikononi mwa mataifa na kuingia katika kisanduku ambacho mwandishi mmoja hukitia alama anapowasilisha kazi yake.

Uchaguzi huo unazihusu pia kazi zinazoandikwa kwa Kiswahili. Tasnifu nyingi za vyuo vikuu vya Tanzania hufunguliwa na ukurasa wa hakimiliki unaotaja Mkataba wa Berne na Sheria ya Hakimiliki ya 1999, ukikataza kunakili zaidi ya dondoo fupi bila idhini ya maandishi. Ukurasa huo ulitungwa kwa ajili ya nakala yenye jalada gumu iliyowekwa rafuni. Sasa unapakiwa pamoja na tasnifu katika hifadhi ya kidijitali ambayo kazi yake ni kutoa nakala kwa yeyote anayeiomba, na mtafiti wa Kampala anayetaka kuitafsiri sura moja kwa Kiganda hana namna ya kujua ni lipi kati ya matamko hayo mawili analopaswa kulitii.